Nakivubo ya zamani: ngazi zilikuwepo, mbona hatukukaa?

Mtoto wa Nsambya
Habari zenu wakuu. Nina swali, siku ya tatu leo halinitoki kichwani.

Nilimpeleka kijana wangu wa miaka 12 Nakivubo, uwanja wetu wa mpira hapa Kampala, huu mpya uliojengwa pale pa zamani. Kila mtu na kiti chake cha plastiki. Mpira ulipoanza akaniuliza, "Baba, enzi zenu mlikuwa mnakaa wapi?" Nikamwambia hatukukaa, tulisimama. "Viti havikuwepo?" Nikamwambia zilikuwepo ngazi za saruji. "Sasa si mngekaa kwenye ngazi?"

Nikafungua mdomo, jibu sina. Mwishoni mwa miaka ya 80 na miaka ya 90 tulikuwa tunatoka kota za reli Nsambya, mimi na kaka zangu, tunashukia Clock Tower kwa miguu. Saa saba mchana tuko ndani, mechi saa kumi. Saa tatu za kungoja, juu yake dakika 90, zote kwa miguu yetu, na zege liko pale pale chini. Sikumbuki mtu yeyote aliyetukataza kukaa. Mwenye kujua aniambie, nataka nimjibu mtoto.

Jogoo75
Nafasi, mzee. Siku ya Villa na Express, timu zetu kubwa za Kampala, ukiinua mguu ujikune, ukirudisha chini unakuta hapo pameshawekwa mguu wa mwingine. Utakaa wapi?

Mimi nilikuwepo Desemba 1991, marudiano ya fainali, Villa yetu na Club Africain ya Tunisia. Tunis tulifungwa 6–2, kwa hiyo tulihitaji nne bila, na yale mabao mawili ya ugenini yangetupa kombe. Mbele yangu alisimama mzee mmoja wa koti la kaki, simjui hadi leo. Tangu timu zinaingia ameinua vidole vinne. Nne. Kila nikitazama, vidole viko juu. Mpira ukaisha 1–1, watu wanashuka, yeye bado amesimama na mkono hewani kama ameusahau. Niliushika nikaushusha mimi. Hakusema kitu, alinishika bega tu.

Ndiyo mara ya kwanza timu ya Uganda kufika fainali ya klabu bingwa Afrika. Siku kama hiyo ungekaa?

Mukwano57
Jogoo, hilo la 1991 nakupa heshima yake, na mimi ni mwekundu, mtu wa Express, tangu tumboni mwa mama. Lakini halijibu swali. Vipi zile mechi za katikati ya wiki, timu mbili za mkiani, watu hawafiki 300? Nafasi ilikuwepo ya kulala kabisa. Na bado tulisimama.

Bombo Mkongwe
Kijana Jogoo, sahihisha hapo. Ya kwanza ni Simba, timu ya jeshi, 1972. Tulicheza fainali na Hafia ya Guinea. Kwao Conakry tukafungwa 4–2, Kampala wakatufunga tena 3–2. Villa walifuata miaka 19 baadaye. Nilikuwa mtoto wa kambini, baba alikuwa na redio ya mbao mezani, na siku ile hakuna aliyekula chakula cha jioni.

Kuhusu kusimama nina langu, nitaliandika nikitulia.

Jogoo75
Nimesahihishwa mzee, asante. Simba 1972. Nimeandika.

FundiMawe
Kazi yangu ni ujenzi, ngoja niliangalie kwa futi kamba. Ngazi ya kusimamia na ngazi ya kukalia ni vitu viwili tofauti. Ya kukalia inataka kimo cha sentimita 40 hivi, kama kiti cha nyumbani, na upana wa sentimita 70 au 80 ili makalio yako yapate mahali na miguu ya aliye nyuma yako ipate mahali. Ya kusimamia, kimo nusu ya hapo kinatosha, na upana wa hatua moja.

Za Nakivubo, ninavyozikumbuka, zilikuwa fupi. Ukikaa, magoti yanakufikia kidevuni. Halafu ngazi zikiwa fupi, mmoja tu wa mbele akisimama, wewe uliyekaa mchezo umekwisha, unaona mgongo. Unasimama. Wa nyuma yako naye anasimama. Inapanda hivyo hivyo mpaka ukutani. Anza na mtu mmoja tu, jukwaa zima liko wima.

Mukwano57
Fundi, ulikuwa upande gani? Upande wetu zilikuwa za kukalika vizuri. Nakumbuka mechi imeisha, nimekaa nafunga kamba za viatu, magoti yako mahali pake.

FundiMawe
Kwenye kona, karibu na goli. Labda hazikuwa sawa uwanja mzima. Viwanja vya zamani vinajengwa kwa vipande, leo upande huu, miaka kumi baadaye upande ule.

Hajati wa Kisenyi
Asalaam aleikum wanangu. Hili swali ni langu, maana ninyi wote mlikuwa mnatazama mpira, mimi nilikuwa nawatazama ninyi.

Nilikuwa msichana wa miaka 13, nauza njugu, baadaye gonja, ndizi za kuchoma. Sinia kichwani, napita kati ya safu na safu. Mpira wenyewe sikuuona, niliona miguu. Namjua mtu wa Villa kwa miguu, anachezesha kisigino. Mtu wa KCC, timu ya jiji, anasimama mguu mmoja mbele, kama anataka kuingia yeye.

Sasa sikilizeni. Mama yangu alikuwa anauza maboksi. Anaokota maboksi ya viatu na ya sabuni pale soko la Owino, anayapasua, anayauza ya kukalia. Mechi ndogo alimaliza mzigo kabla ya mapumziko. Siku ya Villa na Express, au Express na KCC, alirudi na mzigo wote nyumbani. Kwa hiyo ngazi zilikalika, Fundi. Watu walikaa. Mukwano, hao 300 wako wa katikati ya wiki wengi wao walikalia boksi la mama yangu. Wewe ulisimama kwa sababu zako.

Mukwano57
Hajati shikamoo. Hapo umenibana. Inawezekana nakumbuka tulipokuwa mimi na rafiki zangu tu, na sisi tulisimama hata kwenye harusi.

Mwalimu wa Tororo
Mmesahau jua. Mechi saa kumi, jua linashuka, na upande mmoja wa uwanja ule lilikuwa linaupiga tangu mchana. Zege linanywa joto mchana kutwa. Mgusie mtoto mguu hapo saa kumi uone. Nilijaribu kukaa mara moja, nilikuwa mwanafunzi na kaputura fupi ya shule. Sikurudia.

Na mvua ikinyesha ni kinyume chake. Maji yanasimama kwenye ngazi, mfereji wa Nakivubo uko pembeni umejaa umeleta harufu yake yote, nani anaweka suruali yake ya Jumapili humo? Kampala jua na mvua vinapokezana. Lini ngazi ilikuwa kavu na baridi kwa pamoja?

Kasasiro Damu
Mwalimu amenikumbusha ule mfereji! Mvua kubwa ikija ilibidi uchague, unatoka sasa au unatoka baada ya maji ya barabarani kupungua. Mimi nilichagua kubaki siku mchezaji wetu Jackson Mayanja akiwa bado kijana KCC. Mvua imetupiga, nguo zimeshika mwili, hakuna aliyeondoka. Sisi wa KCC watu walituita kasasiro, takataka, kwa kuwa timu ni ya halmashauri ya jiji iliyozoa taka. Tukalichukua jina tukalifanya letu. Leo mtu akiniita kasasiro nageuka na tabasamu.

Jibu langu kwa Mtoto wa Nsambya: mfuko. Ukikaa, mfuko wa nyuma unafunguka, wa mbele unasukuma pesa juu. Vibaka wa Nakivubo walipenda sana watu waliokaa. Ukisimama unaweka mkono mfukoni mechi nzima.

Hajati wa Kisenyi
Kasasiro, vibaka walipenda zaidi waliosimama na kuruka. Bao likiingia mikono yote iko juu, nani ameshika mfuko? Nimewaona kwa macho yangu. Wenyewe hawakushangilia, ndivyo nilivyowajua.

Kasasiro Damu
Hajati leo hutuachii kitu 😂

Malaba Express
Naomba niulize kidogo nje ya mada. Uwanja ulijengwa lini? Kuna mahali nimesoma 1926.

Mwalimu wa Tororo
1926 ni ya kiwanja chenyewe kama mahali pa michezo. Uwanja wa ukumbusho ni wa miaka ya 50. Sheria ya kuunda wadhamini wake ni ya 1953, na jina lake kamili linasema ni ukumbusho wa vita, yaani askari wa Uganda waliokufa Vita vya Pili vya Dunia. Pece ya Gulu nayo ni hivyo hivyo, ukumbusho wa vita. Watu wengi wamecheza na kushangilia pale bila kujua.

Bombo Mkongwe
Mwalimu ameniandalia njia, sasa naandika langu.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza. Batalioni ya nne, ya Uganda. Alipelekwa Burma, akarudi, wenzake wengine hawakurudi. Hakuwa mtu wa mpira hata kidogo. Lakini mara mbili kwa mwaka alipanda basi kutoka Bombo, ananishika mkono, tunaingia Nakivubo kwa kiingilio chake mwenyewe. Anasimama. Mechi nzima, mgongo umenyooka, kofia mkononi. Mimi nachoka nakaa miguuni pake. Siku moja nikamuuliza, babu mbona hukai? Akasema, "Hapa ni kwa watu fulani. Hawakupata pa kukaa."

Sijui kama alikuwa anajibu swali au anaongea na nafsi yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa cha gwaride. Sisemi kwamba umati wote ulisimama kwa ajili ya Burma. Nasema mmoja alisimama kwa sababu hiyo, na nilikuwa nimekaa kwenye viatu vyake.

Mtoto wa Nsambya
Mzee wangu. Hilo nimemsomea mwanangu jioni hii. Ameniomba nisome tena.

Jogoo75
Nimenyamaza.

Mwekundu Leicester
Wandugu, niko Uingereza mwaka wa 14 sasa, niongeze kidogo kutoka huku. Mwaka 1989 Sheffield, uwanja wa Hillsborough, watu walibanwa kwenye sehemu ya kusimama iliyozungushiwa uzio, 97 wakafa kwa sababu ya siku ile. Mwaka uliofuata ripoti ya jaji ikataka viwanja vikubwa viwe na viti pekee, bila sehemu za kusimama, na ikawa hivyo kwa miaka mingi. Lakini nendeni mkaone wenyewe. Upande wa wenye kelele walisimama mbele ya viti vyao mechi nzima, mwaka hadi mwaka, hadi mwaka 2022 ikaruhusiwa rasmi tena, sehemu maalumu zenye vyuma vya kuzuia watu kusukumana.

Kwa hiyo hoja ya Fundi ya kimo cha ngazi inanipa shida. Hawa wana viti vizuri kabisa na hawakai. Kiti hakimkalishi mtu ambaye moyo wake umesimama.

Na wale mnaokumbuka kubanana kwa furaha, mimi nakumbuka pia hofu. Siku moja, kiwanja sikitaji, wakati wa kutoka nilibebwa na umati, miguu haigusi chini, hatua 20 hivi. Niliona mama mmoja amemwinua mtoto juu ya kichwa kama anavuka mto. Tulitoka salama. Lakini usiku ule sikulala, na mwezi mzima sikwenda mpirani.

Mtoto wa Nsambya
Hilo ni kweli. Kaka yangu mkubwa alikuwa na kanuni: usisimame katikati ya ngazi za kupitia, simama karibu na nguzo au ukuta, na bao likiingia inama kwanza halafu ndiyo uruke. Nilidhani ananionea wivu wa kuruka. Sasa nina mtoto, naelewa.

Arua Mwana wa Barifa
Nyie watu wa Kampala mnalia kwamba kusimama kumekwisha. Huku Arua timu yetu Onduparaka ilipopanda Ligi Kuu 2016, uwanja wetu wa Green Light palikuwa hapatoshi. Watu kwenye miti, watu juu ya lori. Kuna kijana alipanda mwembe saa nne asubuhi, akapitishiwa chai kwa kamba. Ngazi za saruji hatukuwa nazo, tulikuwa na ardhi ya Mungu. Na tulisimama! Kwa hiyo toeni ngazi kwenye hesabu zenu.

FundiMawe
Kwenye ardhi tambarare lazima usimame, ndugu yangu, ukikaa huoni. Hiyo inanisaidia mimi, haikusaidii wewe.

Arua Mwana wa Barifa
Na aliyekuwa kwenye mwembe, alikuwa amekaa 😂

Malaba Express
Swali langu mimi ni jingine, lini tuliacha kwenda? Maana nikifungua picha za kale watu wamejaa pomoni, na mimi nilipoanza kuja Kampala miaka ya 2000 nilikuta mapengo.

Mukwano57
Televisheni. Vibanda vya video vikaleta ligi ya Uingereza, kijana wa Ndeeba akawa na Arsenal kabla hajawa na Express, na Wankulukuku, uwanja wa Express, iko hapo hapo anaisikia kwa masikio.

Kasasiro Damu
Namboole, uwanja wa taifa. Ilifunguliwa 1997, watu zaidi ya 40,000 wanaingia, mechi kubwa za taifa zikahamia huko. Uwanja mzuri, sikatai. Nilikuwepo Septemba 2016, Farouk Miya anaifunga Comoros, tunarudi Kombe la Afrika baada ya miaka 38, nililia kama mtoto. Lakini Nakivubo ilikuwa kati ya Owino na stendi za taksi. Mtu anafunga kibanda chake cha viatu Park Yard saa tisa na nusu, saa kumi yuko ndani, saa kumi na mbili amerudi kufungua. Namboole inataka nauli na siku nzima.

Jogoo75
Na sisi Villa tulichangia. Baada ya ubingwa wa ligi wa 2004 tulingoja hadi 2024. Miaka 20. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa mtu mzima anapiga kura kabla hajaona Jogoo bingwa. Unamwambia nini mtoto huyo? Unamsimulia Majid Musisi, mshambuliaji wetu, anakutazama kama unamsimulia sungura na fisi. Unamwambia alitoka hapa Nakivubo akaenda Rennes, Ufaransa, kisha Bursaspor, Uturuki. Anasema, "Sawa mjomba," anarudi kwenye simu.

Mwalimu wa Tororo
Hapo mmechanganya mambo. Mashabiki walipungua kabla ya uwanja kubomolewa 2017. Televisheni haikuvunja ngazi.

Mukwano57
Sikusema ilivunja ngazi, Mwalimu. Nilisema iliziacha bila watu. Sasa tusigombane, turudi kwa swali la mtoto.

Mtoto wa Nsambya
Mtoto mwenyewe ana jibu lake jipya. Anasema mlisimama kwa sababu kila mtu alitaka kuwa mrefu kuliko mwenzie. Nimemwambia mjomba wake Fundi amesema karibu hivyo hivyo kwa maneno ya kazi.

Mimi nikiwaza sana narudi kwenye kitu kimoja. Timu ikipata mpira wa kona, umati mzima ulikuwa unavuta pumzi kwa pamoja, na bega la mtu wa kulia linagusa langu, la kushoto linagusa langu. Mpira ukiinuka, mabega yanainuka. Nilikuwa najua kwa bega la jirani kama kipa ameukosa, kabla macho hayajaona, maana nilikuwa mfupi. Kwenye kiti cha plastiki kati yangu na mwanangu kuna nafasi ya kiganja. Nilijikuta namsogelea.

Kasasiro Damu
Swali kwa Hajati. Uwanja ulipobomolewa, wewe ulikuwa bado upande ule?

Hajati wa Kisenyi
Nilikuwepo. Vifusi vilirundikwa, vijana walikuwa wanaokota nondo, mimi nikaomba kipande cha zege. Vijana wawili walinibebea kwa toroli hadi Kisenyi, nikawapa chai. Kipo mlangoni kwangu, kimevunjika upande mmoja, upande mwingine bado una rangi ya zamani kidogo na ukingo umelainika kwa viatu vya watu.

FundiMawe
Hajati tafadhali kipime! Kimo kutoka chini hadi juu, upande usiovunjika.

Hajati wa Kisenyi
Nimepima kwa futi ya fundi cherehani jirani. Sentimita 33. Lakini chini pamemeguka, sijui kilikuwa kirefu kiasi gani.

FundiMawe
33 iko katikati. Na imemeguka. Haimpi mtu ushindi.

Mukwano57
Pamemeguka chini, maana yake kilikuwa kirefu zaidi ya hapo. Cha kukalia hicho, Fundi!

FundiMawe
Au kimebeba na msingi wake. Bila kukiona siwezi kusema. Hajati, naomba nije nikione.

Hajati wa Kisenyi
Karibu mwanangu, uje alfajiri kabla ya saa kumi na mbili. Hapo ndipo ninapokaranga mandazi, na kile kipande ndicho ninachokalia.

Mtoto wa Nsambya
Hajati, naweza kuja na kijana wangu?

Hajati wa Kisenyi
Mje wote. Ila kiti ni kimoja, wengine mtasimama.